Muindi Mbingu: Mwana wa Ngelani Aliyehamishiwa Lamu kwa Sababu ya Ng'ombe

Kila nikijaaliwa kuwa Nairobi siku ya Ijumaa, huswali msikiti wa Jamia, kisha hushika njia ya Soko la Jiji kutafuta chakula cha mchana. Barabara hiyo inaitwa Muindi Mbingu. Ina shughuli nyingi: teksi, wauza maua, wachuuzi wa vinyago, na humo sokoni mabucha yamepangana, nyama ya ng'ombe imening'inia. Siku moja nilimuuliza kijana mmoja wa bucha kama anamjua mwenye jina la hiyo barabara. Akafikiri kidogo, akaniambia huenda alikuwa waziri wa zamani. Wa pili akasema ni mpiganaji wa msituni. Wa tatu akaniuliza kama nataka maini au la.

Sikuwalaumu. Hata sisi wa Pwani, ambao tuliishi na mtu huyo kwa muda, tumemsahau. Na laiti wale vijana wangejua ni ng'ombe waliomfanya akumbukwe, wangelitazama lile jina ukutani kwa jicho jingine.

Mimi mwenyewe nilimjua kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikwenda Machakos kusoma diploma yangu. Nilitoka kwetu na begi moja, mkeka, na wasiwasi wa mtoto wa Pwani anayeambiwa anakwenda bara kwenye baridi. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kikamba ambaye wote tulimwita Mwaitu, yaani mama, na hakuwahi kuniacha nilale njaa. Jioni nilikuwa nakwenda kuswali msikiti wa mjini. Pale barazani palikuwa na mzee aliyekuwa akikaa baada ya Magharibi akisubiri Isha. Aliponiuliza natoka wapi nikamjibu Pwani, akataka kujua kama nimefika Lamu. Nikamwambia nimefika. Akaniambia basi nimefika mahali walipompeleka mtu wao, na akaanza kunihadithia. Baadaye nilitafuta vitabu nikaona kwamba mengi aliyonisimulia yale yalikuwa sawasawa.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Samuel. Muindi Mbingu alikuwa mtu wa Ngelani, sehemu ya vilima isiyo mbali na mji wa Machakos. Hakuwa chifu wala mtu wa kuteuliwa na serikali. Ili kuelewa ni kwa nini watu maelfu walimfuata mtu asiye na cheo, lazima tuanze na ardhi.

Wakamba tunawajua sana huku kwetu. Karne ya 19 misafara yao ilikuwa ikishuka Rabai na Mombasa na pembe za ndovu. Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara wao mkubwa, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Wengine walishuka wakakaa kabisa, na mpaka leo ukienda Mariakani au Kinango utawakuta na wajukuu wao wakisema Kiduruma kama wenyeji. Walikuwa wawindaji hodari wa upinde na mshale wa sumu, walikuwa wakulima, na walikuwa wafugaji. Ukame ukija, mtama ukikauka, ng'ombe ndiye aliyebaki. Ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa maziwa ya mtoto, alikuwa benki kabla ya benki.

Wakoloni walipofika, Machakos ilikuwa miongoni mwa vituo vyao vya kwanza kabisa bara, kabla hata Nairobi haijawa mji. Kisha mistari ikaanza kuchorwa. Vilima vya Mua, vyenye rutuba na hewa nzuri, vikapewa walowezi wa Kizungu. Nyanda za Yatta, ambako watu walikuwa wakipeleka mifugo wakati wa kiangazi, zikaitwa ardhi ya Mfalme. Uwindaji nao ukawekewa sheria: mwenye bunduki na leseni akawa mwindaji wa heshima, mwenye upinde akawa jangili katika pori lilelile alilozaliwa. Wakamba wakabaki ndani ya hifadhi yao iliyozungushiwa mipaka, idadi ya watu ikipanda na ya mifugo pia, na mahali pa kuhamia hapakuwepo tena. Tume ya ardhi ya Carter ilipoanza kazi mwaka 1932, walipeleka malalamiko yao kama watu wengine. Waliyoyadai hawakuyapata yote.

Kwa kuwa mpaka haukuongezwa, ardhi ikachoka. Hapa nataka kusema kweli, maana mara nyingi tunapowasifu mashujaa tunaficha upande mmoja. Udongo wa Machakos ulikuwa umeharibika. Ukame wa mwisho wa miaka ya 1920 na wa katikati ya miaka ya 1930 ulikuwa umewaacha watu hoi, na mvua ilipokuja ilichimba makorongo mekundu kwenye milima iliyo uchi. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali wa kuhifadhi udongo, aliandika ripoti kuhusu Machakos ya kutisha kwelikweli. Hakuwa amebuni. Ila katika kutafuta dawa, serikali haikutazama Vilima vya Mua wala Yatta. Ilimtazama ng'ombe.

Amri ikatoka kwamba mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Maafisa walihesabu ni ng'ombe wangapi kila eneo linaweza kulisha. Wa kubaki walipigwa chapa, na wa ziada walipaswa kuuzwa mnadani. Wakati huohuo kampuni ya Liebig, iliyojulikana duniani kwa nyama ya kopo na mchuzi wa kukolea, ilikuwa inafungua kiwanda Athi River, njia ya kuelekea Nairobi. Kiwanda kinahitaji ng'ombe kila siku, tena ng'ombe wa bei rahisi, la sivyo hakiendeshwi. Mkamba wa kawaida hakuhitaji shahada kuunganisha mambo haya mawili. Daktari aliyemwandikia dawa ya udongo wake alikuwa na rafiki muuza nyama.

Basi mwaka 1938 yakaanza. Ngelani iliguswa kwa ukali zaidi. Watu walipokataa kupeleka mifugo, serikali ilitumia nguvu, ikakamata zaidi ya ng'ombe elfu mbili na kuanza kuwauza. Fikiria, msomaji. Mtu anaona fahali wake, mahari ya binti yake, analipiwa shilingi chache na kuswagwa kuelekea kichinjioni. Na katika wale ng'ombe walikuwemo wa askari. Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya jeshi la KAR na polisi. Kijana alikuwa analinda bendera ya Mwingereza mbali na kwao, mshahara wake anautuma nyumbani ununuliwe mtamba, na serikali hiyohiyo inaingia zizini kwa baba yake.

Hapo ndipo Muindi akasimama. Yeye na wenzake kama Elijah Kavulu, Isaac Mwalonzi na Simon Kioko walianzisha chama kilichoitwa Ukamba Members Association, kwa kifupi UMA. Wengi wa viongozi hao walikuwa watu waliopata kusoma kidogo, wanaojua kuandika barua na kujua barua ipelekwe kwa nani. Waliandika malalamiko kwa serikali mpaka Uingereza. Walishirikiana na chama cha KCA cha Wakikuyu, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati huo, akayaandika mambo yao katika gazeti la kule. Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, akalibeba suala lao. Bunge la Uingereza nako yakaulizwa maswali. Mtu wa Ngelani, kutoka kijiji ambacho hakuna mbunge wa London aliyekisikia, alikuwa amelifikisha zizi lake mbele ya dunia.

Lakini barua haikurudisha ng'ombe. Mwishoni mwa Julai 1938 Muindi aliongoza umati kwenda Nairobi kumtafuta gavana mwenyewe. Idadi hutajwa kati ya watu 1,500 na 3,000: wanaume, wanawake na watoto. Leo matatu ya Machakos hufika Nairobi kabla hujamaliza kusoma gazeti, kama Mlolongo hakuna foleni. Wakati huo zile kilomita 60 hivi zilikuwa safari ya kubeba unga na maji na kumfunga mtoto mgongoni. Walipofika hawakurusha jiwe. Walikaa. Walipiga kambi wakasema wanataka kuonana na gavana, na kama hayupo tayari, wao wapo tayari kungoja.

Gavana alikuwa Sir Robert Brooke-Popham, mwanajeshi wa anga, mtu aliyezoea kutoa amri na si kuitwa. Alikataa kuwapokea pale. Akataka warudi kwao kwanza. Hawakurudi. Siku zikapita, zikawa wiki. Wenzao wa mjini wakawasaidia chakula. Magazeti yakaandika. Serikali ikaanza kuwa na hofu ambayo haikuisema hadharani: vita vya Ulaya vilikuwa vinanukia, na jeshi lake la Afrika Mashariki lilikuwa limejaa vijana wa Kikamba. Mwezi Agosti gavana akakubali kwenda Machakos kufanya baraza na watu. Mtawala wa koloni zima alipanda mlima kumfuata mwenye ng'ombe.

Baraza hilo halikumaliza mambo siku hiyohiyo. Gavana hakutaka kuonekana ameshindwa, na kama kawaida ya watawala, alitafuta mtu wa kubeba lawama. Mwezi Septemba Muindi Mbingu alikamatwa. Hakupelekwa jela ya Machakos, kwa sababu hiyo ingekuwa kaburi la kuzuriwa kila siku. Alipelekwa mbali, mahali ambapo hakuna anayesema Kikamba, mahali pa bahari na punda. Alipelekwa Lamu.

Lakini kabla mwaka 1938 haujaisha, serikali iliachana na kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe waliokuwa bado hawajauzwa wakarudishiwa wenyewe. Walioshinda walikuwa nyumbani na mifugo yao. Aliyewaongoza alikuwa akitazama jahazi.

Tuangalie hapa sisi watu wa Pwani. Serikali ya kikoloni ilikuwa na desturi: mtu wa bara akisumbua, apelekwe pwani, wa pwani akisumbua, apelekwe bara. Mekatilili wa Menza, mama yetu wa Giriama, alihamishiwa Kisii mwaka 1913. Harry Thuku alipelekwa Kismayu mwaka 1922, baadaye akapitia Lamu na Witu. Muindi akafuata. Walidhani kumtoa mtu kwenye lugha yake ni kumtoa ulimi. Na mimi hujiuliza jinsi yule bwana alivyozipokea siku zake za kwanza: mtu wa vilima na baridi, sasa yuko kwenye joto la kaskazi, anaamshwa na adhana ya alfajiri, anaona nyumba za mawe zimebanana na vichochoro ambamo ng'ombe wake wawili wasingepishana. Sina shaka kwamba wazee wetu walimkaribisha kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote, kwa sababu mgeni hakai na njaa Lamu.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimeshaanza, serikali ilipiga marufuku UMA pamoja na KCA na chama cha Wataita cha Taita Hills Association, ambacho nacho kilikuwa kikipigania ardhi. Viongozi wao wakakamatwa. Kwa hiyo habari hii si ya Wakamba peke yao: kutoka Ngelani mpaka milima ya Taita, kosa lilikuwa moja, kuuliza ardhi ni ya nani na nani aamue namna ya kuitunza.

Sasa ule udongo ulikuwaje? Hili ndilo linalonifanya niandike leo. Wataalamu wa miaka ya 1930 walidhani bila kuondoa ng'ombe Machakos itakuwa jangwa. Ng'ombe hawakuondolewa, na watu wakaongezeka. Baada ya vita serikali ilileta miradi ya kuhifadhi udongo, mwanzoni kwa shuruti, na watu wakaichukia. Lakini taratibu wenyewe wakachagua yaliyowafaa. Vikundi vya kusaidiana vya mwethya, wengi wao akina mama, vilichimba matuta ya fanya juu mlima baada ya mlima. Nilipokuwa Machakos nilimwona Mwaitu na wenzake wakienda na majembe asubuhi ya Jumamosi shambani kwa jirani mmoja, na Jumamosi iliyofuata kwa mwingine. Mwaka 1994 watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walitoa kitabu kilichosomwa dunia nzima, kinachoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos ilipanda mara tano hivi, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuongezeka. Vilima vilivyokuwa vyekundu kwenye picha za Maher vimekuwa kijani.

Sisemi kwamba serikali haina kazi. Barabara za kufikia soko, mafunzo ya kilimo, hati za ardhi, yote hayo yalisaidia. Wapo pia waliokikosoa kitabu hicho, wakasema si kila pembe ya Machakos ilipona na si kila maskini alinufaika. Ni haki yao. Lakini jambo kubwa halibadiliki. Mtu anayejua shamba litabaki kwa mwanawe huchimba tuta. Mtu anayejua kesho litachukuliwa, hachimbi.

Nayatazama haya nikitazama kwetu. Mwaka 1948 Tsavo ilifanywa mbuga ya taifa, na Wawaata, mabingwa wa upinde mrefu, wakaamka wakijikuta wahalifu katika pori la babu zao. Karibu mwaka 1960 serikali ilianzisha mpango wa Galana, mashariki ya Tsavo, ili Wawaata wawinde ndovu kwa utaratibu na kwa kipato halali. Lilikuwa wazo jema. Lakini haukudumu miaka mingi. Ardhi ikawa ranchi, baadaye ikawa mikononi mwa shirika la serikali, na mwaka 2014 pakazinduliwa mradi wa kunyunyizia maji ekari milioni moja za Galana na Kulalu. Kila mara mpango ulibadilika, na kila mara Mwaata na Mgiriama wa jirani waliusikia redioni. Mwaka 1977 uwindaji wa burudani ukapigwa marufuku nchi nzima, ingawa ndege kama kanga na bata maji waliendelea kupigwa kwa leseni kwa miaka. Mwenye leseni alikuwa na mlango wake. Mwenye upinde hakuwa nao.

Mimi nimewahi kuitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni kuhusu kipande cha ardhi ya umma karibu na kwetu, mahali ambapo marehemu bibi yangu alikuwa akipeleka mbuzi wake na wavuvi wakianika nyavu. Tulipewa soda na kalamu. Wazee walizungumza kwa saa mbili, mmoja alilia. Baadaye karani mmoja kwa bahati mbaya aliacha faili mezani, na ndani yake mlikuwa na ramani iliyokwisha kupigwa mhuri wiki mbili nyuma. Sitaitaja ofisi hiyo. Ninachosema ni kwamba tulirudi nyumbani na kalamu zetu.

Katiba ya 2010 inasema ardhi yote ya Kenya ni ya Wakenya, na imeigawa kuwa ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Imesema pia wananchi washirikishwe. Mwaka 2016 tukapata sheria ya ardhi ya jamii. Karatasi tunazo nzuri kuliko alizokuwa nazo Muindi, ambaye mbele ya sheria ya wakati wake hakuwa hata na haki ya kumpigia kura mtu. Tofauti ni kwamba yeye alikwenda na watu elfu na zaidi, wakakaa mpaka wakasikilizwa. Sisi tukishapata soda huona kazi imekwisha.

Muindi aliyafanya haya bila kumwaga damu na bila kumtukana mtu. Hakukataa kwamba udongo unaumwa. Alikataa kwamba mgonjwa asiulizwe pa kuumia. Na alilipia kwa miaka ya maisha yake mbali na watoto wa kwao. Ile kampuni ya nyama iliondoka. Kiwanda cha Athi River kikachukuliwa na Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka 1950, na ng'ombe wa Ukambani wanaofika huko leo wanauzwa na wenyewe, kwa bei ya kubishania.

Nina ombi kwa wasomaji wa Lamu, Shela, Matondoni, Pate na popote. Waliomwona Muindi kwa macho ni vigumu kuwa hai bado, lakini waliosimuliwa wapo. Kama marehemu babu au bibi yako aliwahi kutaja Mkamba aliyeletwa na serikali kabla ya vita, alikaa mtaa gani, alikula kwa nani, aliswaliwa au alisali wapi, mwandike. Daftari la mtoto wa shule linatosha. Yule mzee wa barazani Machakos aliniuliza mambo hayo usiku wa kwanza tulipokutana, nami nikawa sina jibu. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ningependa wajukuu zake nisiwajibu hivyohivyo.